Mafundo ya Bwana Nyama

Hapa Kamuli wote wanamkumbuka kwa wema. Mimi namkumbuka kuliko wote, maana nilimchukia, na mtu unayemchukia huwa unamtazama vizuri. Nilijua anavyovaa buti, anavyokohoa, na siku gani ananyoa ndevu. Angepotea, wangekuja kwangu kuuliza alama zake, na ningewatajia mpaka kovu la kwenye kidole gumba.

Tulimwita Bwana Nyama, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake lipo kwenye msalaba wake, anayelitaka akalisome. Alizaliwa wapi na alikuwa wa ukoo gani sikuwahi kuuliza, na leo siulizi. Alikuja huku akiwa askari wa wanyamapori, na baiskeli na darubini, akakaa mpaka akastaafu, na alipostaafu hakuondoka. Alipata kibanja kwenye mteremko, akapanda migomba na kahawa kama sisi, na kila asubuhi akaendelea kushuka bondeni kuhesabu ndege ambao hakuna aliyemtuma kuwahesabu.

Bonde letu lina mafunjo katikati na nyasi ndefu pembeni. Ndani ya mafunjo wanaishi nzohe, wale swala wa majini wenye kwato ndefu nyembamba, za kukanyagia matope wasizame. Kwenye nyasi wanataga korongo wenye taji la manjano kichwani. Hao wawili ndio aliowapenda. Watu aliwavumilia tu.

Nasema hivi mapema ili asitokee mtu wa kunishangaa: Bwana Nyama alimfunga baba yangu, na mimi ndiye niliyempa ushahidi, nikiwa mtoto wa darasa la nne. Hilo lishike. Mengine yote nitakayoyasimulia yanatoka hapo.

Akiwaona korongo alivua kofia. Wallahi sitanii. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa akipita, kofia inabaki kichwani, salamu inatoka midomoni nusu nusu. Korongo wawili wakitembea kwenye nyasi, kofia hiyo kifuani. Kanisani alikaa benchi la nyuma, karibu na dirisha, na Jumapili moja katikati ya mahubiri korongo walilia kule bondeni, akasimama, akatoka. Mchungaji alinyamaza mpaka mlango ulipofungwa, akasema tuendelee na waliobaki. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kanisani kumwombea mabaya, na yeye katoka kabla sijamaliza.

Kuku wake walikuwa wanaliwa na mwewe mchana kweupe. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akipiga kelele na kurusha mawe, naye anasimama pembeni na darubini, anamwangalia mwewe anavyopanda na kifaranga. Mkewe alimwambia mbele ya majirani kwamba siku mwewe akija kumchukua yeye, ataulizwa mbawa zake zilikuwa na urefu gani. Bwana Nyama akafikiri kidogo, akasema swali hilo ni zuri.

Na bado nyama alikuwa anaijua. Kuna watu wanadhani alikuwa anaona kinyaa. Alikulia kwenye nyama ya porini, alisema mwenyewe, na nzohe aliwahi kumla utotoni. Siku moja baba yangu alimuuliza ladha yake, wakiwa wamekaa uani kwetu na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, katikati yao. Nilikuwa nachambua maharage karibu, nikamsikia.

"Tamu kuliko zote," akasema. "Ndiyo maana wanaweka askari. Nyama mbaya ingejilinda yenyewe."

Baba alicheka mpaka akamwaga pombe. Alicheka sana, nadhani, kwa sababu nyuma ya nyumba, juu ya moshi wa jiko la mama, ilikuwepo nyama ya nzohe ikikauka. Baba alikuwa mtegaji. Mitego yake ilikuwa ya kamba, na kila kamba ilikuwa na fundo lake mwenyewe, fundo dogo la kulala upande mmoja. Ukilivuta kwa nguvu linazidi kukaza. Ukilishika mkia wake mfupi na kuusukuma ndani, linafunguka kama hakukuwa na kitu. Alinifundisha mimi na hakuwafundisha kaka zangu, akisema vidole vyao vina haraka. Bwana Nyama alikuwa akimshuku, na alikuwa akija kunywa naye. Yote mawili kwa pamoja, na sura ile ile. Baba naye alijua anashukiwa, na bado alimmiminia. Mpaka leo sijawaelewa wanaume wale.

Sasa habari ya penseli. Kila Jumamosi Bwana Nyama alikaa chini ya ukuta wa shule na sisi watoto tulimletea vitu. Unyoya, jino, ganda la yai, kinyesi kilichokauka. Anakigeuza, anakuuliza umekiona wapi, saa ngapi, kulikuwa na jua au mvua, kisha anakuambia ni cha nani. Ukijibu vizuri unapata kipande cha penseli. Kisha anaandika kwenye daftari lake gumu, na hakuandika kwa tarakimu hata siku moja. Korongo wakubwa wanne, makinda wawili: yote kwa maneno. Alisema tarakimu inaongezwa mkia ukigeuza kichwa tu. Mgeni mmoja kutoka mjini aliwahi kumwomba aongeze ndege kidogo ili taarifa ipendeze, na Bwana Nyama akamwambia amalizie chai yake, njia anaijua.

"Andika ulichokiona," alikuwa akituambia, "usiandike ulichokitaka."

Nilimpenda, jamani. Lazima niliseme hilo maana bila hilo chuki yangu haina maana. Wenzangu walileta manyoya ya kunguru, mimi nikataka kumletea kitu ambacho hajaletewa na mtu. Jumamosi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, nikaingia jikoni kwa mama nikachukua ukwato wa nzohe, mrefu kuliko kiganja changu, nikampelekea nimeuficha kwenye sketi.

Hakushtuka. Aliushika kwa vidole viwili, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Umeutoa wapi, mwanangu?"

Nikasema nyumbani. Akanipa penseli nzima. Mpya, haijachongwa. Nilirudi nayo mbio, nikamwonyesha mama, na mama akauliza ya nini, nikamwambia. Sitasahau alivyokaa chini. Baba hakuwepo, alikuwa kwenye mitego, na kabla mama hajapata mtu wa kumtuma, Bwana Nyama na mwenzake walikuwa wameshafika uani. Walimkuta baba akirudi na kamba zake begani.

Alifungwa. Aliporudi alikuwa na kikohozi ambacho hakikumtoka, na kikohozi hicho ndicho kilichomzika. Katika miaka ile aliyoishi baada ya kurudi hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu. Mama alikufa na siri yake. Akabaki mtu mmoja duniani anayejua kwamba ni mimi, na mtu huyo nilikutana naye kila siku njiani, amebeba darubini. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: akiri kwamba kosa ni lake. Akikataa kukiri, basi aumie.

Nilianza na vidogo. Sikumwamkia. Kwetu kumpita mtu mzima bila shikamoo ni matusi, na mimi nilimpita miaka, uso mbele, hata nikiwa na mimba, hata nikiwa nimebeba maji na yeye amenipisha njia. Nilipoanza kupika rubisi yangu mwenyewe, wateja wanakuja toka Nyaishozi, yeye nilimwambia imekwisha, na kibuyu kimejaa kinatoa povu mbele ya macho yake. Alisema haidhuru. Mbuzi wangu waliingia kwenye maharage yake mara tatu, na mbuzi hawafungui lango wenyewe. Alinirudishia mbuzi wamefungwa vizuri kwa kamba. Ungemjua ungeona jinsi inavyochoma, mtu unampiga na yeye anakurudishia kamba.

Kisha nikagundua panapomuuma.

Kiangazi kikianza, sisi wanawake tunashuka bondeni kukata nyasi za kutandaza kwenye migomba. Bila nyasi kibanja kinakauka, kila mtu anajua. Na nyasi zina adabu zake: ukitaka sehemu yako isiguswe, unakusanya nyasi kiasi cha mkono, unazifunga fundo zikiwa zimesimama. Anayefuata akiona fundo anapita, hata kama nyasi hapo ni nzuri kuliko kwingine. Hakuna aliyewahi kulazimishwa. Kukata penye fundo la mwenzio ni wizi, na jina la mwizi wa nyasi linamfuata mtu mpaka kwenye harusi za watoto wake.

Bwana Nyama alikuwa akifunga mafundo mengi kuliko familia yoyote, na hakuwa anakata. Watu walimwita mchoyo. Mzee mmoja, migomba michache, anazuia nyasi zote zile zinaozea pale pale. Hakujitetea. Mimi peke yangu, kwa sababu nilimwangalia sana, nilitambua kwamba kila penye fundo lake kuna kiota cha korongo. Angesema kuna viota, watoto wangekwenda kuchukua mayai. Kwa hiyo hakusema. Alikubali kuitwa mchoyo.

Asubuhi moja niliwatangulia wenzangu. Nikafika kwenye fundo la kwanza, nikalishika ili nilikate kwa mundu, na mkono ukasimama wenyewe. Lilikuwa limelala upande mmoja. Lilikuwa na mkia mfupi. Lilikuwa fundo la baba.

Nikamlaani. Amemfunga mtu, amemrudisha na kifua kilichooza, na fundo lake amelichukua, anatembea nalo bondeni kama mali yake. Nikausukuma mkia ndani, likafunguka. Nikaenda la pili, la tatu, la nne. Niliyafungua yote, sikukata hata moja. Nikarudi juu kuwasubiri wenzangu, tukashuka pamoja tukiimba.

Walikata wote, mimi pia. Mwenzangu mmoja alikuta mayai mawili baada ya mundu kupita, moja limepasuka, na akasikitika, akasema masikini, laiti angejua. Korongo walikuwa wanatembea pembeni, wanainua miguu juu, wanatazama pale palipokuwa na nyasi. Walirudi siku ya pili na ya tatu. Nilifurahi, sitasema sikufurahi. Nilifurahi kuanzia asubuhi mpaka karibu na saa sita. Baada ya hapo nilikuwa nimechoka tu.

Yeye alikuja mchana. Akavua kofia, akakaa penye visiki vya nyasi, akaandika. Nilimsubiri aende kwa mwenyekiti. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote, nitakavyosimama mbele ya baraza na kumwambia umemfunga baba yangu kwa mkono wa mtoto, leo na wewe umeonja. Hakwenda. Hakumuuliza mtu. Mwaka uliofuata korongo hawakutaga kwetu, na uliofuata hivyo hivyo, na yeye alifunga mafundo vile vile penye patupu. Nami nilibaki na hotuba yangu tumboni.

Macho yake yakaja yakaharibika. Kwanza aliacha darubini, halafu baiskeli, halafu akawa anashuka bondeni na fimbo mpaka binti yake akamkataza. Binti huyo, aliyerudi kumwuguza, alimsomea daftari kila jioni, mstari kwa mstari, kama wengine wanavyosomewa Zaburi. Ndiye aliyekuja kwangu mwaka jana, kiangazi kikikaribia. Akasema baba anakuita, anataka umpeleke bondeni. Nikamuuliza kwa nini mimi na si yeye. Akasema hata yeye ameshangaa.

Nilikwenda. Sikwenda kwa huruma. Nilikwenda kwa sababu kipofu unayemshika mkono hawezi kulikimbia swali.

Nikamwamkia, kwa mara ya kwanza tangu darasa la nne, maana nilitaka asikie ni nani. "Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na hasira zako?"

"Nimekuja nazo."

"Vizuri. Zitatushika kwenye mteremko."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi, na hilo liliniudhi, nilitaka uwe mkono ule ule uliomfunga baba. Tulipofika penye mti wa mwisho kabla ya nyasi nikamuuliza, bila kuzunguka, kwa nini alinitumia mimi. Kama alimshuku baba, angemvizia mwenyewe bondeni, mtu mzima kwa mtu mzima.

"Sikukutuma, mwanangu."

"Hukunituma. Ulinifundisha kuleta."

Alisimama. Aliisugua fimbo kwa kile kidole gumba chenye kovu, muda mrefu.

"Hilo ni kweli," akasema. "Nililijua siku ile ile, wakati nakupa penseli."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikumwomba. Wakiwa njiani na baba, kamba mikononi, baba alimuuliza nani amemwambia. Naye akamjibu kwamba amefuata nyayo zake tangu bondeni mpaka mlangoni.

"Akaamini?" nikamuuliza.

"Mvua ya usiku kucha ilikuwa imefuta kila kitu. Nyayo zipi? Na yeye alikuwa mtegaji, si mtoto. Alinitazama, akasema, 'Basi, ni nyayo. Na zibaki nyayo.' Hatukulizungumza tena."

Baba alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, akaenda nalo gerezani, akarudi nalo, akaniacha nimsukie mkeka na kumpikia uji, na hakunionyesha. Na huyu hapa alikuwa nalo muda wote, kwenye kibanja cha pili kutoka kwangu.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ulikuwa hunisalimii."

Nadhani mtu mwema angelia pale, akamsamehe, mambo yakaisha. Mimi nilizidi kukasirika. Nilikuja kudai, na sasa naambiwa nina deni la shukrani. Nilitaka nimuumize kabla sijaanza kumshukuru.

Tukafika kwenye nyasi. Akavua kofia, akasubiri. Kulikuwa na upepo kidogo na hakukuwa na sauti. Akaniuliza, "Wapo?"

Walikuwepo. Wawili wakubwa, hatua kama hamsini kutoka tuliposimama, taji zao zinapigwa na jua, na katikati yao kinda mmoja wa rangi ya majani makavu, anaanguka na kuinuka. Wa kwanza tangu mwaka ule niliofungua mafundo.

"Hakuna," nikasema. "Hata mmoja."

Aliinamisha kichwa, mabega yakashuka, na kofia ikabaki kifuani bila kazi. Ndicho nilichokuwa nimekisubiri maisha yangu yote, na nilikitazama mpaka mwisho, sikupepesa. Halafu akatoa daftari kwenye koti, na kalamu.

"Andika basi. Siku, mahali, hali ya hewa. Kwa maneno."

Niliandika. Kuna jua, upepo kidogo. Na mkono, sijui ni mkono wa nani, labda wa yule mtoto wa darasa la nne, ukaendelea: korongo wakubwa wawili, kinda mmoja. Niliandika kwa kukandamiza kalamu. Nilijua jioni binti yake atamsomea. Uchungu niliompa ungemkaa mpaka jioni, basi.

"Soma," akasema.

"Kuna jua. Upepo kidogo. Hakuna."

Alilipokea daftari, akalipangusa, akalirudisha kwenye koti taratibu. Kisha akanyoosha mkono kwenye nyasi, akapapasa, akakusanya kiasi cha kufunga. Vidole havikumtii. Akaniambia nimfungie yeye.

"Fundo la nini, mahali pasipo na ndege?"

"Ili uwe na la kufungua," akasema. "Mwingine angekata kwa mundu. Mwaka ule yalifunguliwa, moja moja, kwa mkia. Fundo hilo nilikaa wiki mbili na kamba za baba yako ndipo nikaliweza. Mbali na mimi, aliyebaki analijua alikuwa mmoja."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyokuambia unyoya huu ni wa nani. Kisha akarudisha kofia kichwani na kunipa mgongo, akasubiri.

Nikazifunga. Nililaza fundo upande mmoja, nikaacha mkia mfupi, nikalikaza mpaka nyasi zikalia, na akaitikia kwa kichwa aliposikia. Nikampandisha mpaka kwake, nikamkabidhi kwa binti yake, nikaondoka bila kuaga. Kabla kiangazi hakijaisha tulimzika.

Wenzangu sasa wananicheka, wanasema choyo ya Bwana Nyama imenihamia, nazuia nyasi na sizikati. Siwajibu. Nyasi zikioza nafunga fundo jingine, la baba, pale pale. Bwana Nyama sijamsamehe.